Albamu binafsi za wanamuziki wa Genesis: ziliidumisha bendi au ziliitafuna?

#1 Kaseti Nyekundu (Kisumu), mleta uzi

Hamjambo, wanajukwaa. Mwaka 1986, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, nilinunua kaseti ya dakika 90 katika kibanda kimoja karibu na stendi ya mabasi hapa Kisumu. Mwenye kibanda alikuwa akirekodi mwenyewe kutoka kwenye santuri, na kwenye mgongo wa kasha aliandika kwa wino mwekundu neno moja tu: GENESIS, jina la bendi ya roki ya Uingereza. Upande A ulikuwa na "Mama" na "That's All", na upande B ulikuwa na "In the Air Tonight", "Sussudio" na "One More Night". Niliisikiliza kaseti hiyo mpaka utepe ukaanza kulialia, nikiurudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri, na muda wote huo niliamini kwamba nasikiliza bendi moja. Mwaka jana binti yangu alizitafuta nyimbo hizo kwenye simu yake, akanionyesha kwamba za upande B si za Genesis bali ni za Phil Collins, mwimbaji na mpiga dramu wa bendi hiyo, peke yake.

Niliona haya kidogo, kisha nikaanza kuwa mbishi. Kama masikio yangu hayakuona mpaka kwa miaka yote hiyo, basi huenda mpaka wenyewe haukuwapo. Dai langu ni kwamba albamu binafsi za Collins zilikuwa Genesis ileile iliyobadilishwa jina kwenye kasha. Swali langu ni hili: albamu hizo ndizo zilizoiweka bendi hai kwa miaka mingi, au ndizo zilizoitafuna kutoka ndani?

#2 Fundi wa Redio (Nakuru)

Masikio yako hayakukosea sana, ndugu. Hugh Padgham alikuwa kwenye mitambo katika "Face Value", albamu ya kwanza ya Collins iliyotoka Februari 1981, na ndiye aliyeshika mitambo ya "Abacab" ya Genesis mwaka uleule. Tarumbeta unazozisikia katika "Face Value" ni za wapulizaji wa Earth, Wind & Fire, na hao hao ndio wanaopuliza katika "No Reply at All" ya Genesis. Mpiga gita Daryl Stuermer alikuwa akisafiri na bendi katika ziara zake na pia akipiga katika albamu za Collins. Sauti ni moja, dramu ni zilezile, fundi mitambo ni yuleyule. Muuza kaseti angejuaje?

#3 Mwalimu wa Kakamega

Mulembe. Naomba nitofautiane na wote wawili, kwa sababu mnaizungumzia Genesis kana kwamba ilizaliwa mwaka 1981. Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1967 na wanafunzi wa shule ya Charterhouse nchini Uingereza, na Collins hakuwa miongoni mwao, kwani alijiunga mwaka 1970 kama mpiga dramu. Mwimbaji alikuwa Peter Gabriel, ambaye aliondoka mwaka 1975 baada ya ziara ya "The Lamb Lies Down on Broadway". Mwaka huohuo mpiga gita Steve Hackett alitoa albamu yake "Voyage of the Acolyte", na waliompigia besi na dramu ni Mike Rutherford na Collins, yaani wenzake wa bendi. Tony Banks, mpiga kinanda, alitoa "A Curious Feeling" mwaka 1979, na Rutherford akatoa "Smallcreep's Day" mwaka 1980.

Kwa hiyo, mleta uzi, hoja yako inamfaa Collins peke yake. Sikiliza albamu ya Banks usiku mmoja bila haraka, uone kama utathubutu kusema kwamba ni Genesis iliyobadilishwa jina.

#4 Mzaliwa wa Molo

Nimeisikiliza. Nililala upande A, mwalimu, na wala sikuwa nimechoka.

#5 Mwalimu wa Kakamega

Usingizi wako si ushahidi, ndugu wa Molo. Hata bungeni watu hulala.

#6 Besi Nne (Bungoma)

Mimi nimepiga gita la besi katika bendi ya hoteli mjini Nakuru kwa miaka sita, na nitawaambia jambo ambalo msikilizaji wa kaseti hawezi kulijua. Watu wanapigana kwa ajili ya majina yanayoandikwa chini ya wimbo, kwa sababu pesa hufuata majina hayo. Mwimbaji wetu alikuwa na nyimbo mbili alizozitunga nyumbani kwake. Alipozileta mazoezini, sisi wengine tulizigeuza: mimi nikatunga mstari wa besi, na mpiga kinanda akabadilisha mwanzo. Baadaye aliingia studio peke yake akazirekodi kwa jina lake, na mstari wangu wa besi ukiwamo ndani, umepigwa na kijana mwingine. Nilimuuliza. Akaniambia kwamba kanuni ya bendi ilikuwa kugawana sawa, naye alikuwa na watoto wanne. Sikuwa na jibu. Bendi haikuvunjika siku hiyo, lakini tangu hapo hakuna aliyeleta mazoezini wimbo wake mzuri. Kila mmoja alileta makapi, akaficha nafaka nyumbani.

Ndiyo maana naamini kwamba albamu binafsi huitafuna bendi hata kama jina lake halifi.

#7 Mwalimu wa Kakamega

Pole, Besi Nne. Kisa chako kina uzito, lakini katika Genesis mambo yalikwenda kinyume, na hapo ndipo uzi huu unaponivutia. Katika albamu ya "Duke" ya mwaka 1980 kila mmoja wa wale watatu waliobaki (Banks, Rutherford na Collins) alileta nyimbo mbili zake mwenyewe. Za Collins zilikuwa "Misunderstanding" na "Please Don't Ask", ambazo alizitunga katika kipindi kilekile cha kuvunjika kwa ndoa yake ambacho kilizaa "In the Air Tonight". Kufikia albamu ya 1983, ile yenye "Mama" na "That's All", nyimbo zote zimeandikwa kwa majina ya watu watatu kwa pamoja. Maana yake ni kwamba kadiri kila mmoja alivyopata mahali pake pa faragha, ndivyo walivyoacha kugombania majina ndani ya bendi. Aliyekuwa na wimbo wa kwake alikuwa na kwa kuupeleka, na studio ya bendi ikabaki kuwa mahali pa kutungia pamoja kutoka mwanzo.

Kwa maoni yangu, albamu binafsi zilikuwa tundu la kutolea mvuke. Mtazame Hackett, ambaye alitaka nafasi zaidi ya nyimbo zake ndani ya bendi na hakuipata. Aliondoka mwaka 1977, na albamu iliyofuata wakaipa jina "...And Then There Were Three...", kwamba sasa wamebaki watatu.

#8 Besi Nne (Bungoma)

Hackett alikuwa tayari ametoa albamu yake mwaka 1975, kama ulivyosema mwenyewe katika bandiko la 3. Tundu la mvuke alikuwa nalo, na bado aliondoka. Sasa mvuke gani huo?

#9 Mwalimu wa Kakamega

Umenibana. Nitafikiri kisha nirudi.

#10 Binti Milimani (Nakuru)

Habari za jioni. Ninyi wanaume mnazunguka mbuyu. Msikilizaji wa kawaida hununua sauti ya mtu, na hajui wala hajali nani alitunga au nani alipiga kinanda. Collins alikuwa mdomo wa Genesis tangu "A Trick of the Tail" ya 1976, kwa hiyo albamu yake ilipotoka, watu walikuwa wanamfahamu tayari. Banks ilimbidi aazime mwimbaji, na Rutherford vilevile. Rutherford alifanikiwa tu alipounda kundi la Mike + The Mechanics mwaka 1985, na wimbo wake "The Living Years" ukashika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1989. Tulipomzika baba yangu mwaka 2003, kaka yangu aliuweka wimbo huo kwenye gari tukitoka makaburini, na hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika nyumbani. Siku hiyo nilijua kwamba Rutherford naye ana sauti.

#11 Fundi wa Redio (Nakuru)

Pole kwa msiba huo, dada, hata kama ni wa zamani. Lakini sauti uliyoisikia si ya Rutherford bali ni ya Paul Carrack. Rutherford aliutunga wimbo huo pamoja na B.A. Robertson, na wote wawili walikuwa wamefiwa na baba zao. Kwa hiyo hoja yako kwamba watu hununua sauti inasimama, ila mfano wako umehama upande.

#12 Binti Milimani (Nakuru)

Nimepokea sahihisho. Miaka yote hiyo nimemshukuru mtu asiye yeye. Mleta uzi, nisogezee kiti hapo ulipokaa.

#13 Mzaliwa wa Molo

Kama sauti ndiyo inayouza, mbona Mick Jagger hakuuza kama Collins? Yeye ni mdomo wa Rolling Stones tangu mwanzo, na hakuna asiyeujua mdomo ule. Alikuwa wa kwanza katika bendi yake kutoa albamu binafsi, "She's the Boss" ya 1985, na ya pili, "Primitive Cool" ya 1987, haikutikisa hata kuku bandani.

#14 Mwalimu wa Kakamega

Hakuwa wa kwanza. Bill Wyman, mpiga besi, alimtangulia kwa zaidi ya miaka kumi, kwani "Monkey Grip" ilitoka mwaka 1974. Nadhani Besi Nne atafurahi kusikia hivyo.

Lakini swali lako ni zuri kuliko majibu yetu. Rolling Stones ndiyo bendi ambayo albamu binafsi ziliitikisa kwelikweli. Mpiga gita wao Keith Richards alichukizwa kwamba Jagger aliweka kazi yake mbele ya bendi, naye alipotoa "Talk Is Cheap" mwaka 1988 aliweka humo wimbo wa kumsema rafiki yake bila kumtaja jina. Mwaka uliofuata walikuwa wamerudi pamoja na "Steel Wheels". Mtu anaweza kusema kwamba ugomvi ule uliwafaa, kwa kuwa kila mmoja alikwenda nje, akapima baridi, akarudi ndani.

#15 Nyar Dunga (Kisumu)

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Kuna jambo moja ambalo sisi wa upande wa ziwa hatupaswi kulipita. Mnashangaa mpiga dramu kuwa mwimbaji kana kwamba ni muujiza wa Uingereza. Mpiga nyatiti wa kwetu hukaa chini, ala yenye nyuzi nane ikiwa mbele yake, vidole vya mikono miwili vikicharaza, mdomo ukiimba, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayoigonga kwenye mbao ya ala ile ile, huku njuga zikilia mguuni. Gita, sauti na dramu vyote viko kwa mtu mmoja. Babu yangu mzaa mama alikuwa akipiga hivyo katika matanga, na jasho lake lilikuwa likidondokea kwenye ngozi ya ala mpaka inabadilika rangi. Hakuna aliyemwita msanii wa kujitegemea, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwamba kazi hiyo ina watu wanne.

Pia, Gabriel kuondoka Genesis kulifika mpaka kwetu. Kama asingeondoka, sidhani kama angekuwa na nafasi ya kuanzisha tamasha la WOMAD, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1982, wala kampuni yake ya santuri ya Real World mwaka 1989. Ni kampuni hiyo iliyotoa "En Mana Kuoyo" ya Ayub Ogada mwaka 1993.

#16 Mzaliwa wa Molo

Kumbe Ogada alikuwa katika bendi ya Gabriel? Sikuwa na habari.

#17 Nyar Dunga (Kisumu)

Soma polepole, omera. Albamu ilitolewa na kampuni ya Gabriel, lakini ni kazi ya Ogada mwenyewe. Yeye alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akawa mmoja wa waanzilishi wa African Heritage Band kule Nairobi, kisha akaenda London, ambako alikuwa akipiga nyatiti katika vituo vya treni za chini ya ardhi. "Kothbiro", yaani mvua inakuja, imo katika albamu hiyo, na baadaye ikasikika katika filamu "The Constant Gardener" ya 2005. Alirudi kuishi Nyahera, nje kidogo ya Kisumu, na akafariki Februari 2019. Yeye pia ni mtu wa bendi aliyekuja kutoa albamu binafsi, na ukiweka "En Mana Kuoyo" kando ya "Face Value" utaona kwamba ya Ogada ndiyo iliyo ya mtu mmoja kwelikweli.

#18 Kaseti Nyekundu (Kisumu), mleta uzi

Ahsante, dada. Sikutegemea uzi wa Genesis urudi mpaka Nyahera.

#19 Fundi wa Redio (Nakuru)

Sasa mmefika kwa Gabriel, na mimi naomba niwaeleze kwa nini naamini kwamba ni mitambo iliyomfanya Collins, zaidi ya sauti, talaka au mikataba. Gabriel alikuwa akirekodi albamu yake ya tatu, iliyotoka mwaka 1980, katika studio ya Townhouse mjini London. Prodyuza alikuwa Steve Lillywhite, fundi mitambo alikuwa huyohuyo Padgham, na aliyealikwa kupiga dramu ni Collins. Zingatieni hilo: aliyechukua nafasi ya Gabriel kwenye maikrofoni ya Genesis alikuja kumpigia Gabriel dramu. Gabriel aliagiza kwamba pasiwe na matoazi hata moja.

Meza ya mitambo ya studio ile ilikuwa imeunganishwa na maikrofoni ya kuning'inia, ambayo kazi yake ilikuwa kuwasikiliza tu wanamuziki wanapozungumza kutoka chumba cha pili, na ilikuwa imewekewa kibana-sauti kikali ili aliye mbali na aliye karibu wasikike sawa. Padgham akaifungua wakati Collins anapiga. Pigeni kofi ndani ya kanisa tupu, na mlio utatawanyika na kufifia polepole. Sasa fikirini kofi hilohilo limevimba kuliko kanisa lenyewe, halafu kabla halijafifia mtu amelifungia mlango. Pah! Kimya. Sauti hiyo ndiyo inayofungua albamu ile, katika "Intruder", na ndiyo Collins aliyoichukua akaiweka katika "In the Air Tonight", mahali ambapo dramu huingia baada ya dakika tatu na nusu na ushei za kungojea.

Miaka ya tisini nililetewa dukani redio zaidi ya moja zenye spika iliyochanika karatasi, na nilipomuuliza mwenyewe alikuwa akisikiliza nini, jibu halikunishangaza. Wimbo unaanza chini sana, mtu anaongeza sauti, anaongeza tena, kisha zile dramu zinamkuta kitufe kikiwa mwisho kabisa.

#20 Mwalimu wa Kakamega

Maelezo mazuri, lakini yanajipinga yenyewe, ndugu Fundi. Mlio huo ulianza katika albamu ya Gabriel. Kama mtambo ndio unaouza, Gabriel ndiye angeuza kwanza.

#21 Fundi wa Redio (Nakuru)

Aliuza, ila alichelewa. Julai 1986, "Invisible Touch" ya Genesis ilishika nafasi ya kwanza Marekani, mara yao pekee kufika huko, na wiki iliyofuata iliyowaondoa ilikuwa "Sledgehammer" ya Gabriel. Mtu aliyeondoka nyumbani miaka kumi na mmoja kabla alirudi akawatoa wenzake kitini.

#22 Besi Nne (Bungoma)

Hapo mafahali wawili hawakukaa zizi moja, na kila mmoja akapata malisho. Lakini msisahau mikataba. KISS, bendi ya roki ya Marekani, walitoa albamu nne za binafsi siku moja mwaka 1977, moja kwa kila mwanachama, zenye makasha yanayofanana. Je, watu wanne walipatwa na hamu ya upweke siku moja? Huo ni mpango wa ofisini.

#23 Mzaliwa wa Molo

Leo ni zamu yangu kusahihisha, na nimeingoja tangu bandiko la 13. Ilikuwa tarehe 18 Septemba 1978. Aliyepata wimbo uliovuma kutoka albamu zile nne hakuwa Gene Simmons wala Paul Stanley, ambao ndio waimbaji wakuu, bali ni mpiga gita Ace Frehley, kwa "New York Groove". Dada wa Milimani atueleze tena habari ya kununua sauti.

#24 Binti Milimani (Nakuru)

Frehley aliuimba mwenyewe, kwa hiyo watu walinunua sauti yake. Ulitaka wanunue nini, viatu?

#25 Mwalimu wa Kakamega

Nimerudi na jibu la swali la Besi Nne kuhusu Hackett, ingawa si jibu kamili. Nadhani tofauti iko katika mahali mtu anapotaka kusikika. Hackett alitaka nyimbo zake ziwemo ndani ya Genesis, kwa hiyo albamu ya nje ilimwonyesha tu kile alichokuwa akinyimwa nyumbani. Collins alikuwa na nyimbo za talaka ambazo zilikuwa za kwake mno, na kuzitoa nje hakukupunguza kitu ndani. Banks na Rutherford nao walirudi kwa sababu nje hawakupata kilicho kikubwa kuliko walichonacho. Collins alipopata kikubwa zaidi, hasa "No Jacket Required" ya 1985, bado alirudi kwa albamu mbili zaidi, na hakuondoka mpaka mwaka 1996.

Kwetu Kenya njia ilikuwa tofauti. Mpigaji akichoka huondoka na nusu ya bendi. Mangelepa walitoka katika bendi ya Baba Gaston mwaka 1976, na Omar Shabani alitoka Simba Wanyika mwaka 1978, wakazaliwa Les Wanyika wa "Sina Makosa". Hatukuwa na desturi ya mtu kutoka Jumatatu na kurudi mazoezini Ijumaa.

#26 Besi Nne (Bungoma)

Desturi hiyo ingetoka wapi, mwalimu? Magita na spika vilikuwa vya mwenye hoteli au vya mwenye bendi. Mtu hawezi kutoa albamu binafsi ilhali hata gita si la kwake. Waliondoka kwa makundi kwa sababu mmoja peke yake asingeweza kukodi vyombo. Collins alirekodi majaribio ya nyimbo zake chumbani kwake, kwa mitambo yake mwenyewe.

#27 Fundi wa Redio (Nakuru)

Mnaona? Mitambo.

#28 Mwalimu wa Kakamega

Amesema umiliki wa mitambo, si mlio wake. Usijipe goli la kuotea.

#29 Kaseti Nyekundu (Kisumu), mleta uzi

Wanajukwaa, baada ya kusoma mabandiko yenu nilipanda juu ya kabati nikaishusha kaseti yenyewe. Utepe umeshikana na hautembei tena, lakini nilitoa kadi ya ndani, ambayo sikuwahi kuikunjua kwa sababu ilikuwa imebana kwenye plastiki. Kumbe yule muuzaji alikuwa ameandika orodha kamili kwa penseli, herufi ndogo sana. Juu ya upande A ameandika "Wote". Juu ya upande B ameandika "Yule wa dramu, peke yake". Alijua tangu mwanzo, na aliyeshindwa kusoma ni mimi.

#30 Nyar Dunga (Kisumu)

Huyo mtu yuko wapi sasa?

#31 Kaseti Nyekundu (Kisumu), mleta uzi

Kibanda kiliondolewa zamani, na pale sasa wanauza vifuniko vya simu. Ila kuna kitu kimoja zaidi kwenye kadi. Wimbo wa mwisho wa upande A, ambao nilikuwa nimeusahau, ni ule wa "No Reply at All" wenye tarumbeta alizozitaja Fundi. Kando yake ameweka alama ya kuuliza.